Wingi wa Habari na Uchache wa Uhakiki: Funzo kutoka Nalufenya



Katika muhula uliopita, wanafunzi wetu wa ualimu walikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za sekondari za Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Mmoja wao alipangiwa shule isiyo mbali na Nalufenya, jijini Jinja. Aliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ambayo sote tungeiona nyepesi: kila mmoja aandike insha ya ukurasa mmoja kuhusu Nalufenya, na kabla ya kuandika atafute habari. Walipewa siku nne. Wengi waliazima simu za wazazi au za kaka na dada zao.

Insha zilipokusanywa, karibu zote zilizungumzia jambo moja, yaani kituo cha polisi. Waliandika kuhusu washukiwa waliozuiliwa hapo, kuhusu mwaka 2017, kuhusu malalamiko ya mateso. Baadhi ya sentensi zilifanana neno kwa neno. Hakuna aliyeitaja hospitali ya watoto iliyoko Nalufenya, ingawa baadhi yao walipata kulazwa hapo walipokuwa wadogo. Hakuna aliyeandika juu ya majirani zake, njia anayopita kila asubuhi, au lugha anazozisikia njiani. Mwalimu alipowauliza sababu, msichana mmoja alijibu kwa heshima: "Mwalimu, ulituambia tutafute. Hayo mengine hayamo kwenye simu."

Makala haya yametokana na mjadala uliofuata katika kikao chetu cha tathmini. Wengine kati yetu walisema kuwa watoto wamelemewa na habari za mtandaoni. Wengine wakasema shida ni uvivu. Sisi tunaoandika hapa tunaona kwamba majibu yote mawili hayatoshi. Hoja yetu ni kuwa tatizo la darasa la Kiswahili leo halitokani na wingi wa habari peke yake. Linatokana na kwamba habari zinamfikia mwanafunzi zikiwa zimevuliwa mwandishi, tarehe na mahali, nasi walimu tunaojua kazi ya uhakiki tumeifungia kazi hiyo ndani ya somo la Fasihi.

Neno lenyewe

Tuanze na istilahi, kama ilivyo desturi yetu. Jambo hili si geni. Alvin Toffler alilieneza mwaka 1970 katika kitabu chake Future Shock, na mwaka uliofuata mtaalamu wa uchumi Herbert Simon alieleza kwamba habari zinapozidi, kinachopungua ni uwezo wa binadamu wa kuzizingatia. Wote wawili waliandika kabla ya intaneti kuwafikia watu wa kawaida. Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana juu ya jina. Tumesoma "mrundikano wa taarifa", "mzigo wa habari", "wingi wa habari" na, linalopendwa kuliko yote, "mafuriko ya habari".

Sitiari hii ya mafuriko inafaa kuhakikiwa, hasa na watu wa Mbale. Mwishoni mwa Julai 2022, mvua kubwa zilinyesha na mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mabomba ya maji yaliharibika, na watu wa mji uliokuwa umejaa maji wakakosa maji safi ya kunywa. Aliyeyaona mafuriko hayo anajua kuwa ubaya wake haukuwa katika kiasi tu. Maji yalikuja na matope, yakabomoa njia ambazo watu walizoea kupata maji yao.

Jinja inatupa mfano wa pili. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yanayopita hapo ni mengi kuliko ya mito yote miwili ya Mbale. Lakini mwezi wa Aprili 2020 mitambo yake ilipozimika na nchi ikakosa umeme, kilichoizima kilikuwa kisiwa cha magugu kilichoelea kutoka ziwani hadi kwenye mitambo. Kwa hiyo, tukisema "mafuriko ya habari" tukimaanisha wingi peke yake, tunaiachia sitiari nusu yake iliyo muhimu zaidi. Swali la kuuliza ni: maji haya yamebeba nini, na yamepitia wapi?

Kiswahili kilikuwa lugha rasmi mwaka gani?

Tuchukue swali ambalo mwanafunzi yeyote wa Uganda huulizwa: Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi hii mwaka gani? Akitafuta, atapata 1973, atapata 2005, na atapata 2022. Kwa haraka atadhani kwamba wawili kati ya hao wamekosea, kisha atachagua jibu lililotokea mara nyingi zaidi.

Hakuna aliyekosea. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwa amri kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kwa sharti: kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tena, mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikuwa tayari umekifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili.

Miaka hiyo mitatu inajibu maswali matatu tofauti. Amri ya kijeshi si katiba, na katiba yenye sharti si uamuzi wa mawaziri. Mwanafunzi anayekariri "2022" bila kujua nani aliamua nini hajapata maarifa, hata kama atapewa alama. Vilevile hatajua kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, shule yake bado inatafuta mwalimu wa Kiswahili. Jibu la swali hilo limo katika umbali uliopo kati ya tamko na utekelezaji, na umbali huo hauonekani mtu anaposoma tarehe peke yake.

Kiboko yuko katika ngeli gani?

Mfano mwingine unatoka katika sarufi. Mwalimu anayefundisha kando ya Mto Nile atapenda kutumia neno "kiboko". Akitafuta ngeli yake atapata majibu yanayopingana. Chanzo kimoja kitasema KI-VI, kwa sababu ya kiambishi cha nomino. Kingine kitasema A-WA, kwa sababu tunasema "kiboko mkubwa amelala", wala hatusemi "kiboko kikubwa kimelala". Cha tatu kitatumia nambari, kiseme kwamba umbo lake ni la ngeli ya 7 na 8 ilhali upatanisho wake ni wa 1 na 2.

Sisi walimu tunajua asili ya tofauti hizi. Vitabu vingi vya shule vya Kenya huainisha kwa upatanisho wa kisarufi. Vitabu vingi vya Tanzania vimezoea majina kama M-WA, M-MI na KI-VI, yanayotokana na viambishi vya nomino zenyewe. Nambari zimetokana na kazi ya wataalamu wa lugha za Kibantu kama Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na Carl Meinhof aliyemfuata. Uganda tunasoma vitabu vya pande zote, na hilo ni jambo jema. Lakini kurasa zinazosambazwa kwenye simu hazisemi "sisi tunafuata utaratibu wa Kenya" au "hapa tumetumia nambari". Husema tu: ngeli ya kiboko ni hii. Mwanafunzi akiona majibu matatu hudhani kuwa Kiswahili ni lugha isiyo na utaratibu, kumbe ina taratibu tatu, kila moja ikiwa na sababu zake.

Hata jina la teknolojia inayotuletea habari hizo linatupa kazi hiyo hiyo. Mtu husoma "akili mnemba" mahali pamoja, "akili bandia" mahali pengine, na "akili unde" kwingine. Kabla ya hapo tulibishana juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Istilahi nyingi si dhambi. Dhambi ni kumtahini mtoto wa Mbale kwa istilahi moja bila kumwambia kuwa zipo nyingine na zinatumika wapi.

Habari moja, nakala mia

Tunaposema kuwa vijana wetu wanazama katika habari, tukumbuke pia gharama. Tangu Julai 2018 Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mwanafunzi anayenunua bando la siku moja kwa fedha alizopewa za chakula hawezi kusoma vyanzo kumi na kuvilinganisha. Husoma kile alichotumiwa na mwenzake.

Ndiyo maana insha za Nalufenya zilifanana. Watoto wale hawakuwa wamesoma mengi mno. Walikuwa wamesoma kitu kimoja kilichonakiliwa mara nyingi. Katika mazingira yetu, wingi wa habari mara nyingi ni wingi wa nakala, na anayeona nakala mia hudhani ameona mashahidi mia.

Zana mpya zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, zimesogeza tatizo hatua moja mbele. Zamani mwanafunzi aliona angalau orodha ya kurasa zinazopingana. Sasa anaweza kupewa jibu moja, kwa Kiswahili kilichonyooka, huku Kiswahili cha Nairobi na cha Dar es Salaam vikiwa vimechanganywa humo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kazi yetu ni kumfundisha mwanafunzi kumtafuta aliyeunda.

Nasi tujikosoe. Tumekuwa tukiwatumia wanafunzi wetu muhtasari wa masomo usio na jina la mwandishi wala mwaka, tuliotumiwa na wenzetu ambao nao walitumiwa. Tumewahi kusambaza orodha ya methali, na baadaye tukagundua kuwa kadhaa zilikuwa tafsiri za misemo ya Kiingereza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye aliyetuuliza methali hizo zinasemwa na Waswahili wa wapi. Hatukuwa na jibu.

Habari moja juu ya mahali pamoja

Turudi Nalufenya. Yaliyoandikwa juu ya kituo kile hayakuwa uzushi. Mwaka 2017 washukiwa wa kesi kubwa walizuiliwa hapo, na malalamiko ya mateso yakawa mjadala wa nchi nzima. Mwaka 2018 Inspekta Jenerali mpya wa Polisi, Martin Okoth Ochola, alikomesha matumizi yake kama kizuizi maalumu, kikarudi kuwa kituo cha kawaida. Hatuwataki wanafunzi wayasahau hayo. Mji usiokumbuka maumivu yaliyotokea ndani yake haujifunzi kitu.

Tunachohoji ni kwamba mtoto anayeishi hapo aliitafuta Nalufenya, akaikuta ya watu waliokuja kuandika habari na kuondoka, akaiamini kuliko macho yake. Wengi hawakutambua kuwa kurasa walizonakili zilikuwa za 2017, wakaandika kwa wakati uliopo jambo lililokoma mwaka 2018. Hilo ni kosa la nyakati za vitenzi, na papo hapo ni kosa la ukweli. Mwalimu wa Kiswahili ndiye wa kwanza anayepaswa kuliona.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu nyingine. Kiswahili chenyewe nchini Uganda kimeumizwa na habari moja iliyorudiwa mno, kwamba ni lugha ya askari na ya wahalifu. Ni kweli kwamba kimetumika katika jeshi na polisi tangu enzi za ukoloni, na kwamba watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza wakiamrishwa nacho. Lakini Jinja ulikuwa mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile kilivuta wafanyakazi wa makabila mengi tangu miaka ya 1950, na watu wasio na lugha moja ya mama walihitaji kuelewana. Mbale wafanyabiashara wamekitumia sokoni na katika safari za kwenda na kurudi Malaba na Busia. Habari hizi hazikunakiliwa mara mia, basi hazionekani. Kama tunaichukia dhana hiyo juu ya lugha yetu, hatuwezi kuwaacha wanafunzi wetu wafanye vivyo hivyo juu ya mtaa wao.

Pingamizi mbili

Kuna wenzetu wanaosema kuwa dawa ni kupunguza: simu zipigwe marufuku, wanafunzi wapewe kitabu kimoja kilichoidhinishwa. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Wengi wetu tulisoma wakati ambapo shule nzima ilikuwa na kamusi moja iliyofungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu, na hali hiyo haikutufanya kuwa wahakiki. Ilitufanya tukariri. Tena, Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu. Siku hizo habari za mtandaoni zilipungua kweli, ila hatukumbuki kwamba watu walijua mambo vizuri zaidi. Uvumi ulishika nafasi. Anayefunga mfereji wote hachuji maji.

Wengine husema kwamba kuchunguza vyanzo ni kazi ya walimu wa kompyuta. Hapana. Anayeuliza ni nani anayesimulia, kwa nafsi gani, katika wakati gani, akimlenga nani na akinyamazia nini, anafanya kazi ya mhakiki wa fasihi. Tunawafundisha wanafunzi kuuliza maswali hayo juu ya riwaya na tamthilia. Wanaweza kujaza kurasa nne wakichambua dhamira na wahusika wa kitabu cha mtihani. Kisha wanatoka darasani, wanafungua simu, na maswali yote yanabaki darasani. Kosa hilo ni letu, si lao.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila andiko linaloingia darasani, liwe limechapishwa au limetumwa kwa simu, lijibiwe maswali manne kabla ya kutumiwa: nani aliandika, lini, kwa kufuata Kiswahili na utaratibu wa wapi, na nini kimeachwa. Swali likikosa jibu, iandikwe hivyo kwenye daftari. Pili, idara yetu isisambaze tena muhtasari wowote usio na jina na mwaka. Tatu, maswali ya majaribio yaulize pia vyanzo vinapingana wapi na kwa nini, badala ya kudai jibu moja kila mara. Nne, kila kazi ya kutafuta iambatane na kazi ya kuuliza: mwanafunzi azungumze na angalau mtu mmoja, kisha aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Mwalimu wetu mwanafunzi alilijaribu hilo la nne kabla ya kumaliza mazoezi. Aliirudisha kazi ile ile ya Nalufenya, safari hii kila mmoja akitakiwa kumuuliza mtu mzima mmoja. Mvulana mmoja aliandika juu ya babu yake, aliyejifunza Kiswahili kiwandani kwa sababu msimamizi wake hakujua Kisoga naye hakujua Kijaluo. Msichana yule aliyesema mengine hayamo kwenye simu aliandika juu ya kina mama wanaosubiri nje ya hospitali ya watoto: wanapangaje foleni, na wanabadilishaje lugha kutoka Kisoga hadi Kiganda hadi Kiswahili kulingana na aliyeketi karibu. Upatanisho wa ngeli ulikuwa na makosa kumi na moja. Tuliyahesabu, tukayasahihisha, kisha tukaisoma insha yote kwa sauti katika kikao.

Kwenye simu bado haimo. Tunawaomba walimu wa Jinja, Mbale, Iganga, Tororo na kwingineko watuletee insha za namna hiyo kutoka madarasani mwao, zikiwa na mahali na mwaka zilipoandikwa, pamoja na jina la mwandishi pale mzazi anaporidhia. Tutazihifadhi idarani, ili mwanafunzi wa mwakani atakayetumwa kutafuta habari za mtaa wake apate mahali pa pili pa kutazama.